Chanjo ipo, muuguzi hajaja: nini huamua mfanyakazi wa mstari wa mbele achanjwe

Mwanzoni mwa Machi 2021, dozi milioni 1.02 za chanjo ya Korona ya AstraZeneca zilitua Nairobi. Zilitengenezwa na Serum Institute ya India na kuletwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Tarehe 5 mwezi huo kaimu mkurugenzi mkuu wa afya wa Kenya, Patrick Amoth, alidungwa sindano ya kwanza katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kamera zikimtazama. Foleni ilikuwa imeshapangwa kwenye karatasi: wahudumu wa afya mbele, kisha walimu, polisi na maafisa wengine wanaokutana na umma kila siku. Kabla mwezi haujaisha, wenye umri wa miaka 58 na zaidi nao wakafunguliwa mlango, maana waliotangulizwa hawakuwa wakija kwa kasi iliyotarajiwa.

Hali hiyo haikuwa ya Kenya peke yake. Novemba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ni asilimia 27 tu ya wahudumu wa afya barani Afrika waliokuwa wamekamilisha chanjo, ilhali katika nchi 22, nyingi zikiwa tajiri, kiwango kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni uhaba mtupu. India ilipozidiwa na wimbi lake mwishoni mwa Machi 2021 ilizuia shehena za nje, dozi za pili zikachelewa, na Kenya ikasogeza muda kati ya dozi mbili kutoka wiki 8 hadi 12.

Uhaba, hata hivyo, haumalizi maelezo. Palikuwa na vituo vyenye chanjo kwenye jokofu na wauguzi wasiochanjwa ndani ya jengo hilohilo. Malawi ilichoma dozi 19,610 za AstraZeneca mwezi Mei 2021 baada ya kupitwa na muda wake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 mapema Machi, ikaahirisha kuanza hadi 19 Aprili, na hatimaye ikaachia takribani milioni 1.3 zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba watu waliogopa, au walidanganywa na WhatsApp. Woga ulikuwepo, na uongo ulikuwepo tele. Ila ukiwachambua wafanyakazi wa huduma muhimu mmoja mmoja, utakuta wengi walioandikwa "amekataa" hawakuwahi kukataa chochote.

Takwimu moja, watu wa aina tano

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kufanyia hesabu tu. Hospitali ya wilaya ina wafanyakazi 400, waliochanjwa ni 260. Ripoti inasema asilimia 65. Swali la kwanza: hao 400 ni akina nani? Mara nyingi ni wale walio kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wafagizi, walinzi, wapishi na wafuaji wanaoletwa na kampuni ya mkataba hawamo, ingawa mfagizi wa wodi ndiye anayegusa taka kabla ya mtu mwingine yeyote. Tuseme wapo 90, na waliochanjwa kati yao ni 12. Sasa tuna 272 kati ya 490, yaani asilimia 55 na ushei. Pointi kumi zimepotea kwa sababu ya orodha tu.

Swali la pili linahusu 218 waliobaki. Kila mmoja akiulizwa kwa faragha, picha inaweza kuwa hivi: 60 wako zamu ya usiku, na kituo cha chanjo hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, 35 ni wajawazito au wananyonyesha, nao waliambiwa wasubiri, 25 waliugua Korona karibuni wakaambiwa wasubiri wapone vizuri, 70 wanasema "nasubiri nione wenzangu", 28 hawataki katakata. Wanaokataa ni takribani mmoja kati ya wanane. Kampeni ya kupinga uvumi ingewalenga wote 218, na ingewapita kando 120 wa mwanzo ambao hawana shaka yoyote na chanjo. Shida yao ni ratiba na maelekezo.

Uwiano hubadilika mahali hadi mahali, na kuna vituo ambako wanaokataa ndio wengi. Ndiyo maana kugawa makundi huja kabla ya kuchagua tiba. Shirika la Afya Duniani hugawa vinavyoamua mafungu manne: anachofikiri na kuhisi mtu kuhusu ugonjwa na chanjo, watu wanaomzunguka na wanachomtarajia afanye, nia yake mwenyewe, na mambo ya vitendo kama umbali, muda, gharama na namna anavyopokelewa. Ofisi nyingi hushughulikia fungu la kwanza kwa mabango na kulisahau la nne. Kwa mtu anayefanya kazi zamu ya saa kumi na mbili, la nne mara nyingi ndilo linaloamua.

Kundi la wajawazito linahitaji neno la ziada. Mwanzoni mwa 2021 miongozo mingi iliwataka wasubiri au wazungumze kwanza na daktari, kwa kuwa majaribio makubwa hayakuwa yamewahusisha. Baadaye ushahidi ulipopatikana miongozo ikageuka na wajawazito wakahimizwa kuchanjwa. Wauguzi wengi ni wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao walisikia agizo la kwanza, la pili halikuwafikia, na katikati ya hayo mawili uvumi wa utasa ukapata nafasi ya kukaa.

Chupa ya dozi kumi

Hapa ndipo watu wengi wa nje ya chumba cha chanjo hawaoni kinachoendelea. Chupa ya AstraZeneca iliyokuja kwetu kutoka India ilikuwa na dozi 10 za mililita 0.5. Ilihifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikishatobolewa ilitumika ndani ya muda wa saa sita; kilichobaki kilitupwa. Chupa ya Janssen, chanjo ya sindano moja tu, ilikuwa na dozi 5. Pfizer ile ya mwanzo ilihitaji kuchanganywa na mililita 1.8 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ili kutoa dozi 6 za mililita 0.3, nazo zilikuwa na saa sita tu baada ya kuchanganywa.

Sasa mwangalie mchanjaji saa nane mchana. Wamekuja watu watatu: mwalimu aliyeomba ruhusa kati ya vipindi, askari aliyemaliza lindo, na mfanyakazi wa maabara. Akifungua chupa, huenda atatupa dozi saba, na mwisho wa mwezi ataulizwa mbona upotevu wake ni mkubwa. Asipofungua, atawaambia "njooni kesho mkiwa wengi." Mwalimu hatapata ruhusa ya pili. Askari kesho amepangiwa barabarani. Kwenye takwimu watatu hao wanahesabiwa miongoni mwa wasiojitokeza.

Kama shehena inatosha, chupa ifunguliwe hata kwa mtu mmoja. Hasara ya dozi saba ni ndogo kuliko kumpoteza askari aliyekwisha kukubali na kutembea mpaka mlangoni. Kama chanjo ni haba, dawa ni orodha ya akiba: namba za simu za watu kumi na watano au ishirini walio ndani ya mwendo wa nusu saa, wanaopigiwa chupa inapobaki na dozi. Jambo la muhimu zaidi ni msimamizi kumwambia mchanjaji kwa maandishi kwamba hatalaumiwa kwa dozi zilizotupwa. Bila karatasi hiyo, maelekezo ya mdomo hayana nguvu. Kila mtu anajua ni nani atakayetoa maelezo mkaguzi akija.

Homa ya kesho ina bei

Maudhi ya chanjo hizi yanajulikana: mkono kuuma, uchovu, kichwa, homa na kutetemeka, kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 48, kisha huisha. Kwa AstraZeneca dozi ya kwanza ndiyo huwa nzito zaidi, kwa Pfizer na Moderna ni ya pili. Kitabibu hayo ni mambo madogo. Kwenye mfuko wa mtu ni suala jingine.

Dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mtu anadaiwa hesabu kila jioni, awe na homa au asiwe nayo. Konda wa daladala asipofika, nafasi yake inachukuliwa na deiwaka, na pengine harudishiwi. Mlinzi wa kampuni binafsi hulipwa kwa zamu alizosimama. Kibarua wa bandarini asiyeitwa leo hana chakula leo. Hawa wakipima, hawalinganishi chanjo na ugonjwa kama ambavyo mabango yanadhani. Wanalinganisha siku moja ya hakika bila kipato na ugonjwa unaoweza kuja au usije. Ukitaka kumsogeza mtu huyo, mjengee siku ya kupumzika yenye malipo, au mchanje jioni ya siku inayotangulia mapumziko yake. Elimu bila hilo ataisikiliza kwa heshima na kuondoka.

Wodini tatizo huja kwa sura nyingine. Muuguzi mkuu akiwapeleka wauguzi wake sita wote siku moja, kesho yake anaweza kujikuta na watatu wenye homa na wagonjwa thelathini vitandani. Baada ya hapo atakuwa wa kwanza kupinga, na wala hatakuwa amekosea. Utaratibu unaofaa ni kuwapeleka kwa mafungu, theluthi moja kwa wakati, kwa kuachana siku mbili au tatu, na waliochanjwa wasipangwe zamu ya kesho yake asubuhi. Panadoli isimezwe kabla ya sindano kama kinga. Homa ikija, vidonge viwili vya miligramu 500 vinatosha kwa mtu mzima asiye na tatizo la ini.

Na mtu aambiwe ukweli mapema. Aliyehakikishiwa "hutasikia chochote" kisha akatetemeka usiku kucha, kesho yake chumba cha mapumziko kizima kitapata habari, na habari hiyo itashinda semina tatu.

Nani analeta sindano

Imani kwa chanjo haitenganishwi na imani kwa anayeileta. Nchini Kenya, wauguzi na matabibu walianza mgomo tarehe 7 Desemba 2020, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na posho ya hatari. Madaktari wakafuata mwezi huohuo. Wakati huo mamlaka ya ugavi wa dawa ilikuwa ikichunguzwa kwa ununuzi wa vifaa vya Korona. Miezi mitatu baadaye mwajiri yuleyule alikuja na sindano akisema anawajali. Muuguzi aliyekuwa akifua barakoa ya kutumika mara moja ana haki ya kuuliza kujali huko kumeanza lini. Swali hilo halihusu kabisa sayansi ya chanjo, na halijibiwi kwa kumweleza namna kingamwili zinavyofanya kazi.

Juu yake kuna kumbukumbu za zamani zaidi. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda ilikuwa na kitu cha kuzuia uzazi. Wizara na Shirika la Afya Duniani wakakanusha, lakini mabishano yalibaki vichwani. Aprili 2020 daktari na mtafiti walisikika kwenye televisheni ya Ufaransa wakijadili kufanyia Afrika majaribio ya kinga ya Korona, na siku hizohizo Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kongo alilazimika kufafanua kauli yake kwamba nchi iko tayari kushiriki majaribio. Machi 2021 chama cha madaktari Wakatoliki wa Kenya kiliwaambia watu waiepuke chanjo, huku maaskofu wenyewe safari hii wakisema inakubalika kimaadili. Mhudumu wa afya alizisikia sauti zote hizi, tena baadhi yake zilitoka kwa watu waliovaa koti jeupe kama lake.

Tanzania ilipitia njia ya peke yake. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli alionya wizara isizikimbilie chanjo za nje. Nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, ilikuwa imepewa nafasi hadharani. Baada ya kifo chake tarehe 17 Machi, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu. Tarehe 24 Julai zikafika dozi 1,058,400 za Janssen, na tarehe 28 Julai Rais akachanjwa Ikulu, Dar es Salaam. Ndani ya miezi sita, mganga wa zahanati aliyekuwa haruhusiwi hata kuuzungumzia ugonjwa kwa uwazi alitakiwa awe mhamasishaji. Huku bungeni na kanisani, Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa mbunge wa Kawe wa chama tawala, akiendelea kuipinga. Mtumishi wa umma husoma upepo. Kusubiri aone utakaa upande gani kulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu na mkopo wa benki.

Kilichobadilisha hali Tanzania ni uwasilishaji. Mpango Harakishi na Shirikishi uliitoa chanjo kwenye vituo vichache vilivyoteuliwa na kuipeleka zahanati, sokoni, vituo vya mabasi na nyumba kwa nyumba, pamoja na wenyeviti wa vijiji na viongozi wa dini. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa chini ya asilimia 5 ya watu wote. Mwaka 2023 walikuwa wamevuka nusu. Uvumi haukuwa umekwisha.

Shaka ya mtu aliyesoma

Wahudumu wa afya wana shaka ambazo raia wa kawaida hana, kwa sababu wanasoma. Afrika Kusini ilisitisha AstraZeneca tarehe 7 Februari 2021 baada ya utafiti mdogo kuonyesha kinga hafifu dhidi ya ugonjwa usio mkali uliosababishwa na kirusi kilichokuwa kimetawala huko. Ikahamia Janssen, na kuanzia 17 Februari hadi katikati ya Mei ikawachanja karibu wahudumu wa afya nusu milioni kupitia utafiti wa Sisonke. Tarehe 11 Machi Denmark ikasimamisha AstraZeneca kwa sababu ya kuganda kwa damu. Ujerumani, Ufaransa na Italia zikafuata tarehe 15. Kenya ilikuwa na siku kumi tu tangu ianze.

Kumwambia mfamasia katika hali hiyo kwamba "chanjo ni salama, acha uvumi" ni kumtukana. Jibu lenye heshima lina tarakimu: damu kuganda pamoja na chembe sahani (chembe zinazogandisha damu) kupungua ni tukio nadra mno, ambalo shirika la dawa la Ulaya lililikadiria kuwa takribani mtu mmoja katika kila laki moja, shirika hilo likahitimisha tarehe 18 Machi kuwa faida inazidi hatari, dalili za kuangalia ni kichwa kikali kisichotulia, tumbo, kifua au mguu kuuma na kuvimba, kuanzia siku chache hadi wiki kadhaa baada ya sindano, na ukizipata, nenda hospitali na useme umechanjwa lini. Mtu akishajua afanye nini jambo baya likitokea, anaweza kuamua.

Mazungumzo haya hayafanyiki kwenye kikao cha asubuhi mbele ya watu arobaini. Mhudumu akishatamka "mimi sitaki" hadharani, kurudi nyuma kutamgharimu heshima. Yafanyike faraghani, na mwenzake wa cheo kilekile: muuguzi kwa muuguzi, dereva wa gari la wagonjwa kwa dereva. Muulize anachojua, muombe ruhusa kabla ya kuongeza taarifa, kisha mwachie tarehe ya kurudi. Lile kundi la "nasubiri nione" huvuka kwa wingi hapo. Na akivuka, anavuka na wagonjwa wake, kwa kuwa mama wa kliniki humuuliza nesi swali moja tu: wewe umechanja?

Amri hufanya nini

Agosti 2021 Mkuu wa Utumishi wa Umma wa Kenya, Joseph Kinyua, alitoa waraka uliowataka watumishi wote wawe wamechanjwa kufikia tarehe 23 mwezi huo. Baadaye serikali ilitangaza kuwa kuanzia 21 Desemba asiye na ushahidi wa chanjo angenyimwa huduma za umma. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Uganda ilifunga shule karibu miaka miwili, hadi 10 Januari 2022, na chanjo ya walimu ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyofungamanishwa na kufunguliwa. Hapo pana funzo chungu la kiutawala: shule ikifungwa, huna tena mahali pa kumpata mwalimu. Wa shule binafsi wasiolipwa walikuwa wameshatawanyika kutafuta riziki nyingine, na hakuna daftari lililojua walipo.

England ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia 11 Novemba 2021 hakuna aliyeruhusiwa kufanya kazi kwenye makao ya wazee bila chanjo, isipokuwa mwenye msamaha wa kitabibu, agizo lililowagusa moja kwa moja wahudumu wengi wa Kiafrika wa kule, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Mpango wa kulieneza kwa wahudumu wote wa afya ulivunjwa kabla haujaanza, na agizo zima likafutwa tarehe 15 Machi 2022, hofu ya kukosa watu wa kazi ikiwa miongoni mwa sababu.

Kwa mtazamo wetu, amri huwasogeza wale wanaosubiri kuona. Kwa wa zamu ya usiku haina faida mpaka kituo kifunguliwe usiku, na kumwadhibu mtu kwa kukosa huduma isiyomfikia ni uonevu. Wale wachache wanaokataa huwafanya wagumu zaidi, na hufungua soko la vyeti vya kununua. Kwa hiyo ikibidi amri itumike, ije mwisho.

Dereva wa masafa

Lori linalotoka Mombasa kupitia Malaba kwenda Kampala, Kigali au Goma lina mtu ambaye ratiba yake haipatani na dozi mbili. Akichanjwa Mombasa leo, wiki ya nane au ya kumi na mbili anaweza kuwa yadi ya forodha nchi ya tatu, ambako chanjo ni ya aina nyingine na mfumo hautambui namba ya kitambulisho chake. Chanjo ya dozi moja ndiyo ilimfaa zaidi. Palipokuwa na Janssen chache, madereva walistahili kutangulia kuliko wakazi wa mjini wenye kituo mtaani. Mahali pa kumpata ni anaposubiri: mizani, yadi za mpakani, maegesho ya usiku. Saa za ofisi hazina maana kwake. Kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku injini zimezimwa, na mtu ana muda wa kuuliza maswali.

Siku yenyewe ya kuchanja kazini

Kazi huanza wiki mbili kabla, kwa kuandika majina yote, wa mkataba wakiwemo, pamoja na zamu ya kila mmoja. Kwa sehemu yenye zamu mbili, weka vipindi viwili: saa moja kabla ya zamu kubadilishana hadi saa mbili baada yake, asubuhi na jioni, ili anayeingia na anayetoka wote wapate. Timu ndogo inayofaa ni ya watu wanne: wa kuandikisha, wa kuuliza historia ya mzio na magonjwa, wa kuchanja, na wa kuwaangalia waliochanjwa. Kila mtu hukaa dakika 15 kabla ya kuondoka. Aliyewahi kupata mzio mkali hukaa 30. Kwenye meza ya uangalizi lazima iwepo adrenalini ya moja kwa elfu, ambayo mtu mzima hupewa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, sindano yake, na namba ya gari la wagonjwa iliyokwisha kujaribiwa asubuhi hiyo. Meza hii huonekana kama utaratibu tu, lakini anayesitasita huiangalia kwanza.

Kinachoharibika mara nyingi ni mambo madogo. Barafu ya kibebea chanjo hutolewa kwenye friza na kuwekwa moja kwa moja bila kuachwa ianze kuyeyuka, chanjo inaganda, na AstraZeneca au Janssen iliyoganda ni ya kutupa. Mtandao unakatika, majina yanaandikwa karatasini "tutaingiza jioni", jioni hakuna anayeingiza, na mwezi unaofuata mtu aliyechanjwa anaambiwa na mfumo kwamba hajulikani. Huyo atasimulia kisa hicho kuliko aliyepata homa. Karani wa pili, mwenye kazi moja ya kuingiza karatasi siku ileile kabla ya kwenda nyumbani, ni gharama ndogo inayookoa dozi ya pili. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi kwa kuzingatia ratiba ya zamu yake, wala isiangukie siku yake ya mapumziko kama anaishi mbali.

Wanapokuja mbio

Wapo wanaoamini kwamba wahudumu wa afya wa Afrika wana tatizo na chanjo kwa jumla. Kongo inawapinga. Chanjo ya Ebola, Ervebo, huhifadhiwa kwenye nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, na bado zaidi ya watu 300,000 walichanjwa huko mashariki mwa nchi kati ya 2018 na 2020, katikati ya vita, wakiwemo wahudumu wa afya. Upinzani ulikuwepo, hata wa mawe na risasi. Lakini wachanjaji walikwenda kwa aliyekuwa hatarini, kwa jina, baada ya kumjua mgonjwa aliyemgusa.

Rwanda ilitangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa hatari unaofanana na Ebola, tarehe 27 Septemba 2024. Kati ya wagonjwa 66 waliothibitishwa, takribani wanane kati ya kumi walikuwa wahudumu wa afya, na watu 15 walifariki. Chanjo ya majaribio ya taasisi ya Sabin ilianza kutolewa tarehe 6 Oktoba, ikielekezwa kwanza kwa wahudumu waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Chanjo hiyo ilikuwa bado haijaidhinishwa popote, kwa hiyo kila aliyeipokea alielezwa kwamba ni utafiti na akatia saini ya ridhaa. Tarehe 20 Desemba mlipuko ulitangazwa kwisha.